Nataka Leaf lakini naishi nyumba ya kupanga Kimara: mnachaji wapi?

Mpangaji_Temboni

Wakuu habarini. Nina Toyota IST ya 2004 ambayo imeanza kunila taratibu. Siyo ubovu, ni mafuta tu. Naishi Kimara Temboni, kazi iko Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 44, na foleni ya Ubungo hakuna asiyeijua. Kwa mwezi natupa laki mbili na nusu kwenye petroli, na hapo wikiendi gari linapumzika.

Kuna jamaa anaagiza magari Japani amenionyesha Nissan Leaf mbili, yale magari ya umeme. Moja ya 2014, betri ya 24 kWh, yaani uniti 24 za umeme, bei yake imenitoa udenda. Nyingine ya 2018, betri ya 40 kWh, bei inauma lakini nikiuza IST na kuvunja kibubu inafikika.

Kinachonikwamisha ni Morogoro. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda ukweni, mama mkwe hajisikii vizuri, na safari hiyo sina ubavu wa kuifuta. Nimetafuta sana habari za vituo vya kuchajia kati ya Kibaha na Msamvu pale Morogoro, naishia kuona picha za Nairobi na Kigali. Je, kuna mtu anachaji Chalinze? Naomba majibu ya wenye magari hayo, siyo ya waliosoma tu.

Nyongeza: kuna aliyeniuliza pembeni. Ndiyo, ni nyumba ya kupanga, uani tuko kaya nne, mita ya LUKU ni moja. Pa kuegesha papo, chini ya mwembe.

Nyundo

Mkuu, IST ikikata mafuta Mikese unampigia boda anakuletea kidumu. Hiyo Leaf ikikata, umeme utakuletea nani, na kwenye kidumu gani? Mimi nimekaa pale.

MamaVitenge

Nyundo acha kumtisha mwenzio.

Mdogo wangu Mpangaji, mimi ninayo hiyo ya 2018 ya 40 kWh, huu mwaka wa pili. Nauza vitenge Kariakoo, nalala Tegeta. Nianze na ulichouliza, halafu nije kwenye hicho ulichokitupia mwishoni kama nyongeza, maana hapo ndipo penye kazi.

Morogoro nimekwenda nayo mara tano. Mara ya kwanza nilitoka saa kumi na moja alfajiri, betri mia kwa mia. Kile kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi kikaniambia nina kilomita 235. Usikiamini. Ni mpiga ramli tu, anaangalia jana ulivyokuwa unajikokota kwenye foleni ya Mwenge halafu anakutabiria safari ya barabara kuu. Nilivyofika Kibaha ameshaanza kupunguza ahadi. Chalinze nikawa na asilimia 50 kamili na nimebakiza kama kilomita 85, nyingi za kupanda, maana Morogoro ni juu kuliko Dar kwa karibu mita 500. Nikazima AC. Nikafungua vioo, nywele zangu za harusi zikaenda na upepo.

Kingolwira namba ya kilomita ikapotea, vikabaki vistari vitatu tu. Hakuna namba kabisa. Gari linakwambia: mama, sasa tumuachie Mungu. Kumbe huwa linafanya hivyo betri ikikaribia asilimia nane hivi, lakini siku hiyo sikujua. Nikafika Msamvu na asilimia sita.

Unajua nani aliniokoa? Trafiki. Vile vibao vya 50 kuanzia Mlandizi hadi Mikese, ambavyo wote tunavilaani, ndivyo vilivyonifikisha. Gari la umeme ukilikimbiza 110 linakunywa betri kama mtoto aliyerudi shule. Ukienda 70 au 75, linatulia. Siku hizi nikitoka, IST za watu zikinipita nawapungia mkono.

Kwa hiyo jibu: ile ya 40 kWh, betri yake ikiwa nzima, inafika Morogoro bila kuchaji njiani, kwa adabu. Ile ya 24 kWh haifiki, na kwa umri wake hata Chalinze ningekwenda nimeshika rozari. Achana nayo kwa safari hiyo.

Ukifika huko unachomeka kwenye soketi ya kawaida ukweni. Inaingiza polepole, kama kilomita 12 kwa saa. Ukifika Ijumaa jioni, Jumamosi jioni imejaa. Zamani ukienda ukweni unabeba sukari na mchele. Mimi nanunua na tokeni. Natuma namba ishirini za LUKU kwa wifi yangu kabla sijatoka Dar, ili nikichomeka pasiwe na maneno. Safari ya kwanza sikutuma, nikachomeka kimyakimya, usiku umeme ukakata, nyumba nzima wakadhani mgao. Kumbe ni mimi nimekula uniti za wiki.

Sasa vituo. Mjini nilishakuta mashine ya kuchaji haraka kwenye maegesho ya jengo moja, sitalitaja. Nikafurahi, nikarudisha gari kinyumenyume vizuri. Mlinzi akaniambia mwenye kadi ametoka. Nikasubiri dakika 40. Mwenye kadi akaja, tukanyanyua waya, kichwa chake hakiingii kwenye gari langu, ni aina nyingine kabisa. Mlinzi akanipa pole na kiti. Tangu siku hiyo nikisikia "kuna kituo" nauliza kwanza kichwa.

Nyumbani natumia kama uniti tisa kwa siku. Kwa bei ya 356 kwa uniti, nikifanya siku 26 ni elfu themanini na kitu kwa mwezi. Petroli nilikuwa nakaribia laki tatu.

Lakini mimi nina LUKU yangu. Wewe kaya nne mita moja? Mdogo wangu, wewe foleni yako haiko Chalinze. Iko chini ya huo mwembe.

FundiWaya

Mama Vitenge kamaliza mambo ya barabara. Mimi ni fundi umeme, nimefunga soketi za magari haya kwa watu kadhaa hapa Dar na Bagamoyo, niongezee ya ukutani.

Kwanza hilo la vichwa. Leaf ya Japani ina matundu mawili. Dogo ni la kuchaji polepole, linaitwa Type 1. Kubwa ni CHAdeMO, la kuchaji haraka. Magari ya Ulaya yanatumia CCS2. Ya China yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T. Kila moja na kichwa chake na lugha yake, maana gari na mashine vinaongea kwanza kabla umeme haujapita. Ndiyo maana kupachika adapta ya mtaani siyo suluhisho, ukitoa zile za polepole. Afrika Mashariki tunapokea magari kutoka pande zote hizo tatu, kwa hiyo mwenye pesa ya kufunga mashine moja anabahatisha atamhudumia nani na atamwacha nani. Nimeulizwa hilo swali na mwenye nyumba ya wageni, nikamwambia afunge soketi nzuri tatu za bluu za ampea 32 na paa la kivuli, mashine aiache kwanza. Mgeni wa kulala hahitaji haraka.

Jina CHAdeMO lenyewe Wajapani wamelitania kutoka kwenye maneno yao ya kumkaribisha mtu chai. Yaani wakati unakunywa chai, gari limechaji. Hiyo "cha" ni chai hiihii yetu. Kwa ile ya 40 kWh ni chai ndefu kidogo, na ukichaji haraka mara mbili au tatu mfululizo safarini betri inapata moto, mashine inapunguza mwendo. Leaf haina mfumo wa kupoza betri kwa maji, inategemea hewa. Joto letu la Januari usilisahau.

Pili, waya unaokuja na gari. Plagi yake ni ya Kijapani, ya volti 200. Watu wanakata ile plagi wanapachika ya pini tatu wanachomeka. USIFANYE. Nimeshabandua soketi iliyoyeyuka ikanata kwenye plagi kama jojo. Soketi ya pini tatu imeandikwa 13 lakini haikuumbwa kubeba 13 kwa saa nane mfululizo. Pasi unaitumia dakika kumi, birika dakika tatu. Gari ni usiku kucha. Nunua waya wa kuchajia wa volti 220 hadi 240 unaoweza kuuweka kwenye ampea 10, au tuvute laini yake peke yake kutoka kwenye mita: waya wa milimita 6, sakiti breka yake, kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, na soketi ya bluu. Mwembe uko mbali gani na mita?

Tatu, na hili ndilo linalokwamisha watu wengi kuliko mengine yote: ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Waya wa kuchajia unapima ethi kabla ya kuruhusu umeme. Ikikosekana unawasha taa nyekundu na kugoma. Mteja ananipigia kwamba waya ni mbovu, ameuziwa feki. Nikifika nakuta nyumba ina miaka kumi na tano haina ethi, friji na pasi zimekuwa zikifanya kazi kwa neema. Gari ndilo la kwanza kusema ukweli.

Nne, kabla hujalipa, mwombe huyo jamaa picha ya dashibodi imewashwa. Upande wa kulia wa kipimo cha betri kuna vimstari vidogo 12 vya afya. Usimsikilize akisema "imejaa", kujaa na afya ni vitu viwili. Gari likishafika nchini chukua kifaa cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya LeafSpy, itakupa afya kwa asilimia. Ile ya 2014 nabashiri utakuta vimstari nane au tisa.

Kuhusu umeme wa nchi sina wasiwasi. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Shida iko kwenye transfoma ya mtaa. Saa moja hadi saa nne usiku Kimara nimeshapima volti 190 kwenye nyumba za mwisho wa laini. Weka gari lianze kuchaji saa sita, lina saa yake ndani, ingawa menyu ni ya Kijapani, utamtafuta mtoto wa jirani akusaidie na simu.

boda_wa_Kayole

Salamu kutoka Nairobi, na mnisamehe Kiswahili changu. Mimi ni mtu wa nduthi ya stima, yaani pikipiki ya umeme, siyo gari, lakini naona mnaongea mambo yangu.

Huku sisi hatuchaji, tunabadilisha. Betri ikiisha naingia kituoni, natoa hii naweka ingine, dakika mbili niko barabarani. Moja inanipa kama kilomita 60 nikiwa na mteja. Stima ya hawa watu wa kuchaji ina bei yake tangu 2023: EPRA, wale wadhibiti wa nishati wa Kenya, waliweka shilingi 16 kwa uniti, na 8 usiku wakati watu wamelala, kabla ya kodi na hizo tozo zingine. Ndiyo maana biashara ya kubadilisha betri imeshika huku. Kampuni inachaji usiku kwa 8, mimi nainunua asubuhi.

Ubaya ni mmoja. Betri ya kampuni yangu haiingii kwa nduthi ya kampuni ingine. Nimeishiwa mahali naona kituo ng'ambo ya barabara, kimejaa betri zinawaka taa kijani, na siwezi kuguza hata moja. Nilisukuma hiyo kitu kilomita tatu na mvua ikininyeshea. Nikipata mteja wa mbali namuuliza kwanza anaenda wapi, alafu nahesabu vituo vyangu kichwani kama mtu wa draughti. Akisema Isinya, namwachia mwenye petroli.

Na ile Ijumaa usiku ya 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi yote. Kituoni kulikuwa na betri zilizojaa kumi na kitu. Tulikuwa nduthi zaidi ya thelathini. Tulipanga laini vizuri dakika tano za kwanza.

Mpangaji, huyo fundi anakwambia ukweli. Kama una soketi yako mwenyewe umeshinda mimi.

Mpangaji_Temboni

Asanteni sana. Mama Vitenge nimecheka hadi mke wangu ameuliza nasoma nini. 2014 nimeifuta.

Nimekaa na kalamu. Kilomita 44 kwa siku nimekadiria uniti nane, siku 22 ni uniti 176, yaani elfu sitini na tatu hivi. Badala ya laki mbili na nusu. Hapo naelewa.

Sasa uani. Kaya nne tunatumia kama uniti 300 kwa mwezi, tunachangishana sawasawa, elfu ishirini na saba kila kaya. Nikileta gari, uniti 176 zinaingia juu yake. Siwezi kuwaambia majirani wachangie gari langu, na siwezi kulichaji kwa siri, uniti zinaonekana.

Jibu ni mita ndogo ya ndani, najua. Ila niseme ukweli wangu. Chumba cha mbele kuna mama anauza barafu na maji ya vimfuko, ana friza. Mwaka jana tulikaa kikao tukamlazimisha afunge mita ndogo kwa gharama yake kwa sababu friza inakula umeme wetu. Aliyeitisha kile kikao ni mimi. Aliyesimama na kikokotoo ni mimi.

MamaVitenge

Haya.

Kanunue mita ndogo kabla hujanunua gari. Halafu nenda kwa huyo mama na kilo mbili za sukari, umwambie kabla hajasikia kwa wengine. Mimi ni mfanyabiashara, nakwambia: akishajua ana mwenzake wa kulipia kivyake atakuwa wa kwanza kukutetea kwa mwenye nyumba. Ila siku ya kwanza utatafuniwa.

Nyundo

Narudi kupaona pale nilipokaa. Fundi, nyumba yangu ya Goba ni ya 2009, hiyo ethi naiangaliaje? Siulizii gari, naulizia friji.

FundiWaya

Nyundo karibu. Zunguka nyuma ya nyumba upande wa mita. Utaona waya wa kijani na njano unashuka ukutani unaingia ardhini, pengine kwenye kishimo cha zege chenye mfuniko. Pale chini panatakiwa kuwa na fimbo ya shaba iliyopigiliwa, na waya umebanwa kwa klipu. Usipouona kabisa nipigie. Ukiuona usiushike ovyo, tumbukiza macho tu, upimaji ni kazi ya kifaa.

Mpangaji na wewe kaangalie leo kabla hujatuma pesa Japani.

Mpangaji_Temboni

Fundi, nimeshaangalia, na nimefanya ulichokataza, unisamehe.

Waya upo. Kijani na njano, unashuka vizuri ukutani, umepigwa klipu nne, unaingia kwenye mchanga pembeni ya shina la mwembe. Nikasema afadhali, mwenye nyumba alikuwa mtu wa maana. Nikachutama, nikaufukuafukua kwa kidole nione hiyo fimbo. Nikauvuta kidogo tu. Ukaja wote. Kama futi moja ya waya, mwisho wake umekatwa kwa koleo, safi kabisa. Sijui fimbo iliuzwa chuma chakavu mwaka gani au haikuwahi kuwepo.

Nikiwa nimechutama pale na waya mkononi, mama wa barafu alikuwa mlangoni anafunga vimfuko vyake. Sukari bado sijapeleka. Akaniangalia muda mrefu, halafu akaniuliza:

"Baba Neema, mita yako ndogo ndiyo unaipanda hapo?"